Je, Bahari Huchoka Kama Shamba?



Mimi nakaa Gongo la Mboto, nje ya mji wa Dar es Salaam, upande ule ambako reli ya kwenda bara yakaribia vilima vya Pugu. Bahari hatuioni kwetu. Twaijua kwa samaki wake tu, wanaoletwa asubuhi kutoka soko la Feri. Siku moja nilipita penye meza ya jirani yangu, mama mmoja auzaye dagaa wa pwani kwa mafungu. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Kisha, mikono yake ikipanga mafungu, akasema, "Wewe umesoma, hebu nijibu. Shamba likilimwa miaka mingi huchoka, mtu akapanda asipate kitu. Je, bahari nayo huchoka?"

Nilianza kumweleza habari za nyavu zenye matundu madogo na wingi wa mashua. Akanikatiza. "Hayo nayajua," akasema. "Sikukuuliza habari za wavunaji. Nimekuuliza habari za shamba."

Nilirudi nyumbani sina jibu. Jibu nililolipata baadaye, kwa kusoma na kuuliza wenye elimu hiyo, ndilo nililowaletea leo. Halikutoka kwa samaki. Lilitoka katika udongo, tena udongo wa kwetu, wa upande wa Kilwa.

Kwanza tujue rutuba ya bahari ni nini. Dagaa hula viumbe vidogo sana vinavyoelea majini, na viumbe hivyo hula mimea midogo zaidi, ambayo mmoja mmoja hauonekani kwa macho. Mimea hiyo ndiyo majani ya malisho ya bahari yote. Kama mahindi yako, yataka mwanga wa jua na yataka mbolea. Mwanga uko juu. Mbolea, ole wake, iko chini. Kwa kuwa kila kinachokufa baharini huzama, na kikioza hukozea vilindini, kwenye giza, ambako mmea hauwezi kuishi. Basi bahari ya nchi za joto ni kama kikombe cha chai ambacho sukari yake imetuama chini. Maji ya juu, yenye joto na mepesi, hukaa juu ya maji ya baridi yaliyo mazito, wala hayachanganyiki upesi. Asipotokea wa kukoroga, utakunywa chai isiyo na utamu hali sukari imo kikombeni.

Wa kukoroga ni upepo. Katika miezi ya kusi, tangu Juni hata Septemba, upepo huvuma kwa nguvu ukiambaa pwani ya Somalia na kuendelea mpaka Omani. Husukuma maji ya juu mbali na nchi kavu, na maji ya baridi ya chini hupanda kushika nafasi yake, yakiwa yamejaa mbolea. Mimea midogo huzaana, na bahari ya huko huwa miongoni mwa bahari zenye rutuba nyingi duniani. Mabaharia wa majahazi waliijua nguvu ya kusi tangu kale, wakapanga safari zao kwa kuihesabu; lakini hesabu ya malisho yaliyokuwa chini ya mashua zao hawakuwa na njia ya kuijua.

Sasa, mtu akitaka kujua kama rutuba yapungua au yaongezeka, yampasa awe na kumbukumbu. Siku hizi satelaiti huitazama bahari kutoka angani na kupima ukijani wake, maana maji yenye mimea mingi hubadilika rangi. Lakini vipimo vya namna hiyo vinavyofuatana mwaka kwa mwaka vyaanza mwaka 1997 tu. Huo ni umri wa kijana mmoja. Mwaka 2016 wataalamu fulani, wakitumia vipimo hivyo pamoja na hesabu za mitambo, walitangaza kwamba katika magharibi ya Bahari ya Hindi mimea hii huenda imepungua hata kufikia sehemu 20 katika 100 kwa muda wa miaka 60 iliyopita, kwa sababu maji ya juu yamezidi joto na kuchanganyika kwake na ya chini kumekuwa kugumu. Ni neno zito kwa watu wa pwani. Ila miaka 60 si mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo haina vipimo vya angani. Mkulima aliyeliona shamba kwa masika mawili hawezi kuapa kwamba limechoka. Labda mvua ilikosa tu. Yafaa amtafute mzee aliyelijua tangu zamani.

Mzee wa bahari ni tope la chini yake.

Katika viumbe vinavyoelea, wako wanyama wadogo ambao kila mmoja ni chembe moja tu ya uhai, lakini hujijengea nyumba ya chokaa. Wenye elimu huwaita foraminifera. Wengi wao hawafiki ukubwa wa punje ya mchanga wa kawaida. Nyumba zao zina vyumba vilivyoungana, vingine vimeviringana kama konokono. Tena katika mimea midogo imo jamii iitwayo kokolithofori, ambayo kila mmoja hujivika visahani vya chokaa, kama mtu aliyejifunika ngao mwili mzima. Visahani hivyo ni vidogo kupita kiasi: ukivipanga 200 vya kadiri ya kawaida katika mstari mmoja, huenda visizidi milimita moja. Viumbe hivi hufa kila siku, maelfu kwa maelfu, na magamba yao hushuka chini polepole, tabaka juu ya tabaka. Mbali na nchi kavu, tope lao huenda likaongezeka kwa sentimita chache tu katika miaka 1,000. La chini ndilo la zamani na la juu ndilo la sasa, kama kitabu kilichoandikwa kuanzia ukurasa wa mwisho.

Mtu ataniuliza, "Magamba matupu yatasemaje habari za rutuba?" Namjibu kwa habari za shamba. Mkulima aonapo kiduha kimeota katika mtama wake, hangoji mavuno kujua kwamba ardhi yake imepungua nguvu. Kila mmea una mahali upendapo. Vivyo hivyo majini. Yuko foraminifera aitwaye Globigerina bulloides, ambaye kwa desturi ni mkaaji wa bahari za baridi; lakini katika bahari ya Uarabuni, kusi ikivuma na maji ya chini yakipanda, yeye huzaana kwa wingi kupita wenziwe. Basi wataalamu walichukua gogo refu la tope kutoka chini ya bahari karibu na Omani, wakahesabu katika kila tabaka ni wangapi katika 100 walio wa jamii hiyo. Mwaka 2003 walitoa habari zao: kusi ilikuwa na nguvu zaidi miaka elfu kadha iliyopita, kisha ikapungua kidogo kidogo, na katika kupungua huko ikawa na vipindi vya kupanda na kushuka. Maana yake, hata kabla ya nyavu za nailoni na mashua za injini, rutuba ya bahari hiyo haikusimama mahali pamoja.

Hiyo ni njia moja. Ziko nyingine, nami nitazitaja kwa haraka. Kaboni, ambayo imo katika kila kiumbe na imo katika chokaa pia, iko ya namna mbili kwa uzito. Mimea huchagua iliyo nyepesi, na ikifa huzama nayo. Basi maji ya juu hubaki na nzito zaidi kuliko ya chini. Ukilinganisha gamba la mnyama aliyeishi juu na gamba la yule aliyeishi chini kabisa, tofauti yao yakuambia kazi ya mimea ilikuwa kubwa au ndogo. Tena wako foraminifera wanaokaa topeni penyewe, nao hungoja chakula kinachodondoka kutoka juu. Wakiwa wengi, chakula kilidondoka kwa wingi.

Haya yote husikika mepesi. Kazi yenyewe si nyepesi, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi hudanganyika.

Tuseme umepata tabaka lenye magamba machache. Usikimbilie kusema kwamba bahari ya siku zile ilikuwa maskini. Huenda magamba yalikuwa mengi, ila mito ilileta udongo mwingi ukayafunika na kuyatawanya, kama kiganja cha mchele katika gunia la pumba. Au huenda yalikuwa mengi, yakayeyuka. Chokaa huyeyuka. Watoto wa kwetu huokota udongo mweupe wa Pugu, ule uchimbwao kwa kufanyia vyombo, wakidhani ni chokaa kwa kuwa ni mweupe. Si chokaa. Mkitaka kujua, twangeni kipande cha tumbawe mpate unga, mkakamulie ndimu; mtaona povu dogo likichemka, nayo ndiyo chokaa inayoliwa na ukali wa ndimu. Mkamulie na udongo wa Pugu: utakaa kimya. Basi kama ndimu ile, maji yenye ukali hula magamba, nayo huanza na yale membamba kabisa. Tena liko jambo la tatu, la hila kuliko hayo mawili. Gamba laweza kubaki na umbo lake, lakini chokaa yake ya asili ikawa imetoka kidogo kidogo, na chokaa mpya ya vilindini ikaingia mahali pake. Ukilitazama utaliona zima. Ukilipima litakupa habari za mahali pengine na wakati mwingine. Ni shahidi aliyefundishwa maneno ya uongo, naye mwenyewe haijui aibu yake.

Kwa muda mrefu ushahidi wa namna hiyo uliwachanganya watu wenye elimu. Magamba ya kale kutoka vilindi vya bahari kuu yalisema kwamba zamani, dunia ilipokuwa na joto jingi hata karibu na ncha zake, bahari za nchi za joto zilikuwa za baridi kuliko za leo. Jambo hilo halikuingia akilini. Na hapo ndipo udongo wa Kilwa ulipoitwa barazani kutoa ushahidi.

Tangu zamani ilijulikana kwamba pwani ya kusini ya Tanzania ina foraminifera wazuri. Mwaka 1962 W. H. Blow na F. T. Banner walichapa maelezo ya wale wa Lindi. Kisha, kuelekea mwisho wa karne ya 20, Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania na wataalamu wa vyuo vikuu vya Uingereza na Ireland walishirikiana kuuchunguza udongo huo upya. Miongoni mwao alikuwa Joyce Singano wa shirika hilo, mama aliyebobea katika elimu ya magamba haya, pamoja na Paul Pearson na Chris Nicholas. Katika miaka ya 2000 walichimba visima zaidi ya 30 katika nchi ya Kilwa na Lindi. Hawakutafuta maji. Walitoa magogo ya udongo, wakayapanga kwa utaratibu wa tabaka.

Udongo huo ni wa mfinyanzi, mzito, haupitishi maji. Ulilala chini ya bahari yenye kina cha zaidi ya mita 300. Baadaye nchi ikainuka, na leo watu hulima juu yake. Haukufukiwa chini sana hata ukaokwa na joto la ardhi. Maji hayakupata njia ya kupenya na kubadili magamba. Kwa hiyo ukiyatoa humo na kuyaweka chini ya darubini, yang'aa kama kioo, mwanga wapita ndani yake, kana kwamba mnyama alikufa jana. Mwaka 2001, katika gazeti la Nature, Pearson, Singano na wenzao walionyesha kwamba magamba haya safi yatoa habari tofauti kabisa na yale ya bahari kuu: bahari yetu ya kale ilikuwa na joto la digrii 28 hata 32, wala si ya baridi. Mashahidi wa kwanza walikuwa wamebadilishwa.

Tabaka hizo zimepewa majina ya mahali petu: Nangurukuru, Kivinje, Masoko, Pande. Mwanafunzi wa Kilwa akikuta jina la kijiji chake katika kitabu cha elimu ya miamba cha Ulaya, asidhani ni kosa la uchapaji.

Kazi ya kuyatoa magamba mngeitambua mara moja, kina mama. Udongo hulowekwa mpaka ulegee, ukamwagwa katika chekeche lenye matundu membamba kuliko unywele, ukasafishwa kwa maji mpaka tope lote liende. Mabaki hukaushwa, yakatandazwa katika kisahani cheusi, na mtu akaketi na brashi yenye nywele chache, ameilowesha ncha, akichagua gamba moja moja kama achaguaye mawe katika mchele. Visahani vya kokolithofori ni vidogo mno kwa chekeche. Tope kidogo hupakwa juu ya kioo, na mhesabuji hutazama kwa darubini ikuzayo mara 1,000, akihesabu mamia, kila kimoja akikitaja kwa jamii yake. Ni kazi ya macho na subira. Mimi niliijaribu nusu saa nikaomba ruhusa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Yapata miaka milioni 34 iliyopita dunia iliingia baridi. Barafu kubwa ilitanda juu ya bara la kusini, Antaktika, ambalo kabla ya hapo halikuwa na kofia kubwa ya barafu. Bahari zilishuka, maana maji yalifungwa katika barafu hiyo. Visima vya upande wa Pande vilikata tabaka za wakati huo zikiwa zimefuatana vizuri, na mahali pa namna hiyo ni pachache duniani. Katika tabaka hizo yuko foraminifera aitwaye Hantkenina, mwenye miiba mirefu, mmoja kwa kila chumba, kama nyota. Ukipanda na gogo kutoka chini wamkuta, wamkuta, kisha hayupo tena. Wala hapatikani baharini popote tangu siku hizo. Kutoweka kwake ndiko alama wanayoitumia wenye elimu kugawa zama mbili. Mmoja wa jamii hiyo, wa kale zaidi, alipewa mwaka 2014 jina la Hantkenina singanoae, kwa heshima ya yule mama wa kwetu.

Na rutuba? Mwaka 2008 Tom Dunkley Jones na wenzake walitoa hesabu zao za visahani vya kokolithofori kutoka visima hivyo. Waliona kwamba katika badiliko lile idadi ya jamii ilipungua. Jamii zilizozoea maji maangavu, ya joto, yenye mbolea chache zilirudi nyuma, na mpangilio wote ukageuka. Wao walilifahamu jambo hilo kuwa dalili ya mbolea kuongezeka katika maji ya juu.

Hapa mtu atashangaa, kama nilivyoshangaa mimi: mbolea iongezeke, na jamii zipungue? Naam. Tazama shamba la kinyesi kingi cha ng'ombe: magugu mawili matatu hustawi na kuwasonga mengine yote. Lakini katika nyika maskini utakuta majani ya kila namna, kila moja limejibana katika nafasi yake ndogo. Kwa hiyo maji maangavu ya buluu, yanayowapendeza wageni, mara nyingi ndiyo maji maskini. Na maji ya kijani yaliyovurugika ndiyo yenye chakula. Wingi wa aina ni jambo moja, na wingi wa mavuno ni jambo jingine. Atakayevichanganya viwili hivi atasoma kitabu cha tope kichwa chini.

Niliporudi kwa jirani yangu nilimweleza hayo kwa ufupi wake. Nilimwambia kwamba bahari haichoki kwa namna ya shamba, kwa kuwa mbolea yake haiishi. Hulala chini tu. Ila mkorogo wake hubadilika, kwa upepo na kwa joto, na ukibadilika, malisho hubadilika pamoja nao. Wakati ule wa miaka milioni 34 dunia ilikwenda kwenye baridi, na dalili za Pande zaonyesha mbolea ilizidi juu. Sasa dunia yakwenda kwenye joto, na maji ya juu yazidi kuwa mepesi juu ya yale mazito. Sikumwambia kwamba kwa hiyo mambo yatakuwa kinyume chake sawasawa. Badiliko lile lilichukua miaka mamia ya maelfu na hili letu lahesabiwa kwa miongo. Tena kusi ina nguvu zake yenyewe, na mito huleta mbolea kutoka nchi kavu. Shahidi mmoja hatoshi kwa kesi kubwa kama hii, hata akiwa mwaminifu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na hao waliokufa mwaka huu, nao watahesabiwa?"

Nikamwambia watahesabiwa, ikiwa hawatayeyuka kwanza. Maana hewa chafu ya moshi wa viwanda na magari huingia baharini pia, ikayaongezea maji ukali, na ukali ndio adui wa chokaa. Akachukua ndimu iliyokuwa mezani pake, aliyoiweka kwa ajili ya wateja, akaitazama, akaniuliza kama nataka dagaa wa fungu kubwa au dogo.